Kushuhudia Imani Pasipo Kumshurutisha Jirani

Kushuhudia, kwa maana inayotumika makanisani, ni tendo la Mkristo kumweleza mtu mwingine kile anachokiamini kuhusu Mungu na Yesu Kristo, na namna imani hiyo ilivyoyagusa maisha yake, iwe kwa maneno au kwa mwenendo. Huo ni wajibu ambao Mkristo hawezi kuuweka kando na bado akabaki mwaminifu kwa dini yake, kwa kuwa Injili ya Mathayo inamalizika kwa agizo la Yesu kwa wanafunzi wake la kuyaendea mataifa yote. Hata hivyo, katika Afrika ya Mashariki wajibu huo hutekelezwa ndani ya daladala, sokoni, kazini, wodini na kwenye viwanja vya wazi, mbele ya majirani ambao wengi wao wana dini zao wanazozipenda na wazee waliowarithisha dini hizo, na ndiyo maana namna ya kushuhudia ina uzito uleule ilio nao haki ya kushuhudia. Heshima kwa msikilizaji haipaswi kuhesabiwa kuwa adabu ya juujuu inayoongezwa baada ya ujumbe kuandaliwa, kwa sababu dini inayofundisha kwamba Mungu anataka kupendwa kwa hiari hujipinga yenyewe pale inapomlazimisha, kumrubuni au kumdhalilisha mtu ili akubali.

Kabla ya kwenda mbali ni vyema kufahamu ni nani hasa anayeitwa asiyeamini, kwa kuwa makosa mengi huanzia hapo. Mwislamu anayefunga Ramadhani na kuswali swala tano ni mtu mwenye imani, na kumweka katika fungu la wasioamini bila maelezo ni kumtukana hata kabla mazungumzo hayajaanza. Mzee anayefuata dini ya jadi na kutambika kwenye makaburi ya babu zake naye anamwamini Mungu aliyeumba mbingu na nchi, ingawa hana kitabu. Wapo pia vijana wa mijini waliobatizwa utotoni, wakalelewa katika kwaya na mafundisho ya kipaimara, kisha wakaacha kusali kwa sababu ya jambo walilolishuhudia kanisani kwao au kwa sababu maswali yao hayakupata wa kuyajibu. Watu hawa hawafanani, na anayewaendea wote kwa hotuba moja aliyoikariri anaonyesha kwamba hajamwona hata mmoja wao.

Waraka wa Kwanza wa Petro, ulioandikwa kwa Wakristo wachache waliotawanyika katika majimbo ya Asia Ndogo wakiishi kama wageni kati ya watu wasioishiriki imani yao, unawataka wawe tayari wakati wote kumjibu mtu anayewauliza sababu ya tumaini lao, na papo hapo unawaagiza watoe jibu hilo kwa upole na heshima. Jambo ambalo wahubiri wengi hulipita bila kuliona ni kwamba katika maelekezo hayo anayeanza kusema ni yule mwingine: yeye ndiye anayeuliza, na bila shaka anauliza kwa kuwa ameona katika maisha ya jirani yake kitu ambacho hawezi kukieleza. Karne nyingi baadaye, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa dunia nzima uliofanyika kati ya mwaka 1962 na 1965, ulitoa tarehe 7 Desemba 1965 tamko kuhusu uhuru wa dini liitwalo Dignitatis Humanae, ambalo linafundisha kwamba mtu hawezi kulazimishwa kuipokea imani, na kwamba wanaoieneza wanapaswa kuepuka njia yoyote inayonukia shuruti au ushawishi usio wa haki, hasa wanaposhughulika na watu maskini au wasio na elimu. Tahadhari hiyo ya mwisho inazihusu nchi za Afrika ya Mashariki moja kwa moja, kwa sababu historia ya misheni katika eneo hili imefungamana tangu mwanzo na ukombozi wa watumwa, shule na tiba.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, wakati biashara ya utumwa ikiwa bado inaendelea katika pwani hiyo. Waliwakomboa watumwa, wengi wao wakiwa watoto, kwa kuwanunua. Wakawalea, wakawafundisha kilimo, ufundi na dini, na walipokua wakawaozesha na kuwapa makazi katika kijiji cha misheni. Unguja nako, wamisionari wa Kianglikana wa chama cha UMCA walipofika mwaka 1864 walianza kazi yao na wavulana watano waliokuwa watumwa, waliokabidhiwa kwao na Sultani. Kuwatoa watoto katika minyororo lilikuwa tendo jema lisilohitaji utetezi. Lakini mtoto aliyenunuliwa, asiyewajua tena wazazi wake, anayepewa chakula, nguo na kitanda na mtu yuleyule anayemfundisha Katekisimu, hana nafasi ya kusema hapana, na mwalimu wake hana njia ya kujua kama ile ndiyo ya mtoto ni imani au ni shukrani au ni woga wa kurudishwa alikotoka. Shule zilipochukua nafasi ya vijiji vya waliokombolewa, tatizo hilo lilipungua makali bila kwisha, kwa kuwa katika maeneo mengi ya Tanganyika, Kenya na Uganda njia ya kufikia elimu ilipitia mlangoni mwa kanisa, na wako waliopokea ubatizo pamoja na kalamu bila kuulizwa kama walivitaka vyote viwili.

Karibu miaka 100 baada ya Bagamoyo, padre wa shirika hilohilo alilitazama jambo hili kwa ujasiri usio wa kawaida. Vincent Donovan, Mmarekani mzaliwa wa Pittsburgh, aliwekwa katika misheni ya Loliondo, kwenye nchi ya Wamaasai kaskazini mwa Tanzania. Misheni ilikuwa na shule, ilikuwa na hospitali ndogo, na uhusiano wake na wafugaji ulikuwa mzuri. Gari la misheni lilibeba wagonjwa, na mapadre walikaribishwa maziwa katika maboma. Hata hivyo, mwezi Mei 1966 Donovan alimwandikia askofu wake barua ya kumweleza kwamba katika miaka yote hiyo hapakuwa na Mmaasai mtu mzima wa misheni hiyo aliyekuwa akiishi Ukristo, kwamba mazungumzo kuhusu Mungu yalikuwa hayafanyiki kabisa, na kwamba yeye aliomba ruhusa ya kuacha kwa muda mambo ya shule na hospitali ili awaendee Wamaasai na kuzungumza nao juu ya Mungu, bila kuwaahidi wala kuwauzia kitu kingine chochote. Alikwenda kwa mzee aliyeitwa Ndangoya, akamweleza kusudi lake waziwazi, na mzee huyo akamwuliza kwa mshangao kwamba, kama hilo ndilo lililowaleta huku, kwa nini walikaa muda wote huo bila kulisema.

Swali la Ndangoya linastahili kutafakariwa polepole, kwa maana linaondoa dhana iliyoenea kwamba kumheshimu mtu wa dini nyingine ni kunyamaza. Wamaasai hawakudhalilishwa na ukweli wa padre. Kama kulikuwa na jambo la kuwavunjia heshima, lilikuwa ni kule kuwapa dawa na madaftari kwa miaka mingi huku kusudi halisi likifichwa nyuma yake. Mtu anayeambiwa waziwazi jirani yake anaamini nini na anatamani nini anabaki huru kukubali, kukataa au kubishana, ilhali mtu anayezungukwa kwa wema wenye shabaha iliyofichika ananyang'anywa uhuru huo bila kujua.

Donovan alipanga kukutana na kila jamii mara moja kwa juma, asubuhi kabla ng'ombe hawajaenda malishoni, kwa muda wa mwaka mzima. Hakuanza kwa kuwaambia kwamba Engai, Mungu wanayemwomba, ni wa uongo. Aliwauliza kwanza wao wanasema nini juu ya Mungu, akasikiliza, ndipo akasimulia habari za Ibrahimu aliyeitwa aache nchi ya baba zake ili amjue Mungu asiyefungwa na kabila moja. Siku moja msikilizaji mmoja alimgeuzia swali: je, kabila lako wewe limekwisha kumpata Mungu huyo Mkuu? Padre alikaa kimya, akiyafikiria mataifa ya Ulaya na Amerika yaliyokwenda vitani kila moja likidai kwamba Mungu yuko upande wake, kisha akakiri kwamba watu wake nao hawajampata, na akawaalika wamtafute pamoja. Jibu hilo halikuipunguza imani yake hata kidogo. Lilimshusha kutoka katika kiti cha mwenye kumiliki Mungu na kumweka katika safari moja na wasikilizaji wake, jambo ambalo ni gumu sana kwa mtu aliyesomea teolojia, yaani elimu ya mambo ya Mungu, kwa miaka mingi.

Mwaka ulipokwisha, Donovan alitaka kuwachuja wanaostahili ubatizo, akiwaacha waliokosa mafundisho kwa sababu ya kuchunga na wale waliokuwa wazito wa kuelewa, lakini Ndangoya alimpinga akisema kwamba waliokuwa wepesi wamekuwa wakiwasaidia waliokuwa wazito, na kwamba haifai kuwagawa watu wanaoishi kama kitu kimoja. Padre akakubali kufundishwa na mtu ambaye hakuwa amebatizwa bado. Ilitokea pia kwamba jamii nyingine, baada ya kusikiliza kwa muda huohuo, ilimjibu kwamba imeyaelewa maneno yake na haiwezi kuyapokea. Aliondoka, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1978, Christianity Rediscovered, aliandika kwamba haki ya kuikataa Injili ni sehemu ya kuihubiri. Wapo Wakristo wanaoona kwamba alikata tamaa mapema mno, na wengine wanamlaumu kwa kuzidharau shule na hospitali. Lawama hiyo ya pili ina ukweli ndani yake, kwa sababu mgonjwa anastahili dawa iwe atabatizwa au hatabatizwa. Lakini ni vigumu kupata katika historia ya misheni za eneo hili mfano ulio wazi kuliko huu wa mhubiri aliyeambiwa hapana na kuipokea hapana hiyo kama jibu la watu wazima.

Kwa Waislamu wa pwani mambo yalikuwa na sura nyingine, kwa sababu hapo mmisionari alikutana na wanazuoni, yaani wataalamu wa elimu ya dini, waliomzidi kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Edward Steere wa UMCA, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kuwa askofu mwaka 1874, alieleza katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichochapishwa mwaka 1870 kwamba Sheikh Abdul Aziz, mwanazuoni mashuhuri wa Unguja, alijitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi kabisa. Kazi hiyo haikuvuka Zaburi ya 16, kwa kuwa sheikh alikuwa na shughuli nyingi na lugha yake ilikuwa ya kitaalamu mno kwa wasomaji waliokusudiwa. Picha ya watu hawa wawili ina mengi ya kufundisha: mmoja yuko Unguja ili kuieneza dini ambayo mwingine anaamini imekosea mahali pa msingi, na bado sheikh anatoa muda na elimu yake, na Mwingereza anakiri hadharani, kwa maandishi, deni lake kwa Mwislamu aliyemzidi ujuzi.

Mnamo mwaka 1923 mtu mwingine wa misheni hiyohiyo, Kasisi Godfrey Dale, alichapisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili. Kwa mtazamo wa haraka tendo hilo lingeonekana kuwa la heshima, maana ni nadra mtu kuchukua taabu ya kuifahamu na kuitafsiri dini ya jirani yake kiasi hicho. Tatizo lilikuwa katika maelezo yaliyoambatana na tafsiri hiyo, ambayo yalilenga kumwonyesha msomaji kasoro za Uislamu, na matokeo yake ni kwamba wanazuoni waliipokea kama silaha. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza tafsiri yake mwenyewe, na Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy akachapisha tafsiri kamili mwaka 1969, kwa sehemu ili kurekebisha picha iliyokuwa imechorwa na wengine. Kitabu kitakatifu cha mtu mwingine hakisomwi kwa heshima pale msomaji anapokitafutia makosa tu. Na kipimo kizuri kwa Mkristo anayetaka kuueleza Uislamu, au dini ya jadi, ni kuuliza kama mfuasi wa dini hiyo angeyasikia maelezo hayo na kusema kwamba, ndiyo, hivyo ndivyo sisi tunavyoamini.

Kipimo hicho kimesahaulika mara nyingi katika mihadhara, yaani mikutano ya hadhara ambamo wahubiri wa Kiislamu hutumia Biblia kuupinga Ukristo na wahubiri wa Kikristo hutumia Kurani kuupinga Uislamu, iliyoshamiri nchini Tanzania tangu miaka ya 1980. Mikutano hiyo huvuta umati kwa sababu ina msisimko wa mashindano, na umati hushangilia pale mpinzani anapokwama, lakini kumshinda mtu mbele ya watu wake na kumwonyesha kweli ni mambo mawili tofauti kabisa, na aliyeaibishwa hadharani hurudi nyumbani akiwa na uchungu badala ya swali. Mwezi Februari 1998 malalamiko kuhusu mahubiri yaliyodaiwa kuukashifu Ukristo yalitangulia machafuko ya Mwembechai jijini Dar es Salaam, ambapo watu walipoteza maisha. Na mwezi Oktoba 2012 makanisa yalichomwa moto Mbagala baada ya ugomvi wa watoto wawili uliohusu kudhalilishwa kwa Kurani. Ni jambo la kutisha kwamba ugomvi wa watoto uliweza kuwasha moto mkubwa kiasi hicho, na linaonyesha kiasi cha kuni kilichokuwa kimekusanywa na watu wazima kwa miaka mingi.

Sheria ya Tanzania imejaribu kulinda pande mbili kwa pamoja. Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa kila mtu wa kuchagua dini na kuibadilisha, na kuifanya kazi ya kueneza dini kuwa jambo huru na la hiari ya mtu binafsi, nje ya shughuli za dola. Wakati huohuo kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya kuwa kosa kutamka maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mtu mwingine. Mwaka 2001 mahakama ya wilaya mjini Morogoro ilimhukumu mhubiri mmoja wa Kiislamu kifungo cha miezi 18 kwa kusema hadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu, na mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ikaifuta hatia hiyo. Mkristo anayeitakia mema imani yake anapaswa kuufurahia uamuzi huo. Kauli kwamba Yesu si mwana wa Mungu ni sehemu ya imani ya Kiislamu kama vile kauli kwamba yeye ni mwana wa Mungu ilivyo sehemu ya imani ya Kikristo, na uhuru unaomwezesha mmoja kuitamka yake ndio unaomwezesha mwingine kuitamka yake. Kinachokatazwa ni nia ya kuumiza, nia ambayo haina kazi yoyote katika ushuhuda.

Makanisa yenyewe yalifikia makubaliano ya nadra kuhusu jambo hili. Mwezi Juni 2011 Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Baraza la Kipapa la Majadiliano ya Kidini na Muungano wa Kiinjili Ulimwenguni walitoa kwa pamoja waraka wa mapendekezo kuhusu mwenendo wa Wakristo wanaposhuhudia katika ulimwengu wenye dini nyingi, baada ya mashauriano yaliyoanza mwaka 2006 nchini Italia yakiwashirikisha pia watu wa dini nyingine. Waraka huo unakataa matumizi ya fedha, zawadi na vivutio vingine kama njia ya kuwapata waumini, unawataka wanaotoa huduma za tiba na elimu wasiutumie umaskini wa watu, na unaonya dhidi ya kuisingizia dini ya mwingine.

Makubaliano ya namna hiyo hupimwa katika mambo madogo ya kila siku. Mgonjwa aliyelala wodini, mwenye dripu mkononi, hawezi kunyanyuka na kuondoka pale kikundi cha waombaji kinapokizunguka kitanda chake saa ya kuona wagonjwa. Kwa hiyo heshima inadai aulizwe kwanza, kwa sauti ya chini, kama angependa kuombewa, na akisema asante, basi mazungumzo yarudi kwenye uji na majina ya watoto wake. Vipaza sauti vya mkutano wa injili vinavyounguruma hadi usiku karibu na nyumba yenye mtoto mchanga humfundisha jirani jambo moja tu kuhusu Wakristo. Msibani kwa jirani Mwislamu, Mkristo aliyekuja na unga wake na kukaa jamvini pamoja na wafiwa ameshasema mengi, na hapo hapana mahali pa kuuliza marehemu amekwenda wapi. Kijana anayezungumza na mzee wa dini ya jadi hana budi kuanza na shikamoo na kusubiri zamu yake, na asiite mapepo vitu ambavyo mzee huyo hajamaliza kuvieleza.

Linabaki suala la yule anayekubali, ambalo kwa kawaida husahaulika kwa sababu ya shangwe. Kardinali Charles Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe mjini Algiers mwaka 1868, aliwaagiza wamisionari wake waliokwenda katika nchi za Maziwa Makuu wasimbatize mtu mzima hadi apitie miaka minne ya maandalizi, yaani miwili ya mwanzo ya kujulishwa imani na miwili ya ukatekumeni, ambao ni kipindi cha mafundisho kamili kabla ya ubatizo. Muda mrefu namna hiyo ulimlinda Mungu dhidi ya watu wenye haraka, na ulimlinda pia mwanafunzi, kwani katika hatua yoyote kati ya hizo aliweza kuacha bila kuwa amevunja kiapo. Waraka wa 2011 nao unasisitiza kwamba anayebadili dini apewe muda wa kutosha wa kutafakari na kujiandaa. Kwa binti wa Kiislamu aliyeanza kwenda kanisani na rafiki yake wa chuo, au kwa kijana wa Kimaasai ambaye baba yake bado anatambika, muda huo ndio wa kuzungumza na wazazi kabla hawajasikia habari kwa majirani, na mchungaji anayemhimiza abatizwe Jumapili ijayo, kwa siri, akiogopa kwamba familia itamgeuza mawazo, anamwachia mtu huyo mzigo wa kuvunjika kwa nyumba ambao yeye mwenyewe hataubeba.